Laptopu ya Linux inaganda ikiwaka: itafute ilipokwama kabla hujafuta kitu

Unawasha kompyuta, nembo ya Ubuntu au Mint inatokea, viduara vinazunguka, halafu basi. Kipanya hakisogei, na dakika kumi baadaye hali ni ile ile. Ukiipeleka kwa fundi ambaye Linux kaisikia tu, jibu unalijua: "Tupige windo upya." Mara nyingi hakuna haja. Mafaili yako yapo, mfumo wenyewe ni mzima, na kilichokwama ni kitu kimoja ambacho amri mbili tatu zingekitengeneza.

Tatizo ni kwamba ile nembo nzuri inaficha maelezo. Nyuma yake Linux inaandika kila inachofanya, mstari kwa mstari. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuifanya iseme, ya pili ni kusoma iliponyamazia, na matengenezo yanakuja baada ya hapo. Mifano yangu ni ya Ubuntu, Mint na Debian kwa kuwa ndizo zilizoenea. Pale Fedora inapotofautiana nitasema.

Jua mpangilio wa kuwaka

Kompyuta ikiwashwa, BIOS au UEFI, programu ndogo iliyo kwenye ubao wa mashine, huamka kwanza, ikakagua RAM na diski. Inakabidhi kazi kwa GRUB, menyu ya kuchagua mfumo. GRUB inapakia kerneli, yaani kiini cha Linux, pamoja na initramfs, kifurushi kidogo chenye draiva za kutosha kuifikia diski. Kerneli ikishaipata diski, inamwachia systemd, ambaye huwasha huduma moja moja: sauti, mtandao, printa. Mwisho inakuja skrini ya kuingilia, ile inayokuomba nenosiri.

Ukikwama kwenye nembo ya HP au Dell, kabla ya GRUB, Linux haina kosa kwa sababu haijaanza. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya vifaa huko chini. Ukifika GRUB na baada yake ndipo ikaganda, endelea kusoma kwa mpangilio.

Kwanza chomoa kila kitu

Flashi, diski ya nje, kadi ya kumbukumbu, modemu, printa, kipanya cha USB, vyote vitoke. Diski ya nje inayokufa inaweza kuzuia kompyuta nzima isiwake. Kisha washa tena na uwe na subira ya dakika tatu hivi. Huduma nyingi zikikosa kitu hungoja sekunde 90 na nyingine dakika mbili, ndipo zikate tamaa na kuendelea. Kompyuta inayochelewa dakika mbili kila siku haijaganda, inasubiri kitu, na dawa yake ni nyingine.

Ikibidi kuizima, usikimbilie kubana kitufe cha umeme. Shikilia Alt na PrtSc pamoja, kisha bonyeza S, halafu U, halafu B, ukiacha sekunde mbili kati ya herufi na herufi. S inaandika kwenye diski data iliyobaki kwenye RAM, U inafunga diski zisiandikwe tena, B inawasha upya. Kwenye baadhi ya laptopu lazima uongeze Fn. Kama hata hiyo haifanyi kitu na taa ya Caps Lock inapepesa yenyewe, kerneli imeanguka kabisa, basi bana kitufe.

Fungua menyu ya GRUB

Kwenye mashine yenye Linux peke yake, Ubuntu na Mint huificha menyu hii. Mashine ya UEFI, yaani karibu zote za miaka kumi iliyopita, gonga Esc mara moja nembo ya kampuni inapotoweka. Mashine ya zamani ya BIOS, shikilia Shift tangu mwanzo. Ukigonga Esc mara nyingi utajikuta kwenye skrini nyeusi yenye `grub>`. Usiogope. Andika `normal`, bonyeza Enter, kisha Esc mara moja upesi.

Menyu ikishatokea, weka mshale kwenye mstari wa kwanza na ubonyeze herufi `e`. Tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, ni mrefu na una UUID, yaani namba ndefu ya utambulisho wa diski. Mwishoni utaona `quiet splash`, au `rhgb quiet` kwa Fedora. Yafute maneno hayo, kisha bonyeza Ctrl+X au F10. Mabadiliko haya ni ya mara hii moja tu, kwa hiyo ukikosea unawasha upya na yote yanarudi kama yalivyokuwa.

Sasa mistari itaporomoka kwenye skrini. Yenye OK ya kijani imefaulu, yenye FAILED nyekundu imeshindwa. Ikisimama, piga picha kwa simu. Picha hiyo ina thamani kuliko maelezo yoyote utakayompa mtu wa kukusaidia.

Kusoma mstari wa mwisho

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa kuwa mstari wa mwisho si lazima uwe ndio wenye hatia. Unakuonyesha kitu cha mwisho kilichofaulu kuandikwa.

Mfano maarufu kuliko yote ni huu: skrini nyeusi, juu kuna mstari mmoja unaoanza na `/dev/sda2: clean`, ukifuatiwa na idadi ya mafaili na ya bloku. Watu huuona na kudhani diski imeharibika, wakati mstari unasema kinyume: diski imekaguliwa na iko safi. Kinachofuata hapo kwa kawaida ni skrini ya kuingilia, na hiyo ndiyo iliyoshindwa kutokea. Washukiwa wawili wakuu ni draiva ya kadi ya picha na diski iliyojaa. Tutawashika wote wawili.

Ukiona `A start job is running for` na saa inahesabu kuelekea 1min 30s, kuna diski au huduma inayosubiriwa na haiji. Ukiona `You are in emergency mode`, karibu kila mara ni faili la fstab au diski inayohitaji kukaguliwa. Ukiona neno initramfs ndani ya mabano na kishale kinapepesa, mfumo haujaweza kufungua partisheni kuu, yaani sehemu ya diski ulikosakinishwa mfumo. Ukiona `Kernel panic` ikifuatiwa na `VFS: Unable to mount root fs`, initramfs haipo au ni pungufu, jambo linalotokea sana umeme ukikatika katikati ya masasisho. Na ukisimama kwenye `Loading initial ramdisk` bila neno jingine, jaribu kerneli ya zamani kabla ya chochote.

Kadi ya picha

Huyu ndiye mkosaji nambari moja, hasa kwenye mashine zenye Nvidia na hasa baada ya kusasisha kerneli. Rudi GRUB, bonyeza `e`, futa `quiet splash` kama mwanzo, na mahali pake andika `nomodeset`. Neno hilo linaiambia kerneli isiwashe draiva ya picha, itumie mwonekano wa kawaida tu. Bonyeza Ctrl+X.

Ikiwaka, hata kama maandishi ni makubwa na picha inasuasua, umeshapata jibu. Fungua terminali, na kama ni Ubuntu au Mint andika:

`ubuntu-drivers devices`
`sudo ubuntu-drivers install`

Amri ya kwanza inaorodhesha draiva zinazofaa, ya pili inaweka ile iliyopendekezwa. Debian utahitaji kufungua ghala la non-free kisha uweke kifurushi cha `nvidia-driver`. Fedora hupitia ghala la nje liitwalo RPM Fusion. Ukimaliza washa upya bila nomodeset. Kuna wanaoiacha nomodeset idumu kwa sababu "inafanya kazi". Siwashauri, maana video zitakwama, huenda mwanga wa skrini usipungue, na kichakataji kitabeba kazi ya kadi ya picha hadi feni ilie mchana kutwa.

Angalizo kwa wenye Secure Boot, kinga ya UEFI inayokataa programu zisizo na sahihi inayotambulika. Unapoweka draiva ya Nvidia, Ubuntu inaweza kukuomba utunge nenosiri, na ukiwasha upya inatokea skrini ya bluu yenye `Perform MOK management`. Lazima uchague Enroll MOK na uandike nenosiri lile. Wengi huona skrini ya ajabu na kubonyeza Continue, draiva inakataliwa, na skrini nyeusi inarudi. Hakikisha hali yako kwa `mokutil --sb-state`. Kama ulipitiliza, weka draiva upya ili ombi litokee tena.

Diski iliyojaa

Skrini ya kuingilia ikigoma, jaribu Ctrl+Alt+F3. Mara nyingi mfumo uko hai na ni picha tu iliyokufa, kwa hiyo utapata ombi la jina na nenosiri kwa maandishi. Nenosiri halionekani unapoliandika, hata nyota hazitokei. Andika tu.

Ukishaingia, amri ya kwanza ni `df -h`. Kama mstari wa `/` unasoma 100%, umempata. Ext4, mpangilio wa mafaili unaotumika kwenye diski nyingi za Linux, huweka akiba ya asilimia 5 kwa ajili ya root, yaani msimamizi wa mfumo, kwa hiyo huduma za mfumo zinaweza kuwaka vizuri huku mtumiaji wa kawaida akikosa hata nafasi ya kuandika faili dogo la kuingilia. Matokeo yake ni skrini nyeusi, au unaandika nenosiri sahihi na unarudishwa pale pale. Punguza hivi:

`sudo apt clean`
`sudo journalctl --vacuum-size=100M`
`sudo apt autoremove --purge`

Ya kwanza inafuta vifurushi vilivyokwisha kutumika, ya pili kumbukumbu za zamani, ya tatu kerneli zisizohitajika. Kama haitoshi, tafuta walaji wakubwa:

`sudo du -xh / --max-depth=3 | sort -h | tail -20`

Mara nyingi ni folda ya Downloads, pipa la taka, au faili la kumbukumbu ndani ya `/var/log` lililovimba kwa gigabaiti kadhaa. Hilo la mwisho lisome kabla ya kulifuta, maana kinacholijaza ndicho kinachosumbua. Na angalia `df -h /boot` pia. Partisheni hiyo ndogo ikijaa, kerneli ijayo itaandikwa nusu.

Ukiwa hapo hapo, uulize mfumo wenyewe:

`systemctl --failed`
`journalctl -b -1 -p err`

Ya kwanza inataja huduma zilizoanguka. Ya pili inaonyesha makosa ya mara iliyopita kompyuta ilipowashwa. Kama iliyoganda ni hii hii uliyomo sasa, ondoa `-1`. Kwa mistari ya mwisho kabla ya kuganda, tumia `journalctl -b -1 -n 80`. Tafuta majina kama nouveau, amdgpu, i915, au maneno `I/O error`. Matatu ya kwanza ni draiva za kadi za picha, la mwisho ni diski inayoumwa.

Faili la fstab

Faili `/etc/fstab` linaorodhesha partisheni za kufunguliwa wakati wa kuwaka. Ukiwa uliandika humo diski ya pili, kisha ukaitoa au ukaifomati, UUID yake haipo tena. Systemd atasubiri sekunde 90 halafu akutupe kwenye emergency mode. Linganisha UUID zilizomo na zilizopo kweli kwa `lsblk -f`. Mstari wa diski usiyo nayo, uwekee alama ya `#` mwanzoni. Mstari wa diski inayokuja na kuondoka, ongeza kwenye safu ya nne:

`nofail,x-systemd.device-timeout=10s`

Sasa ikikosekana, kompyuta itangoja sekunde kumi na kuendelea na safari. Hakiki kwa `sudo findmnt --verify` kabla ya kuwasha upya.

Wenye Windows pembeni wana mtego wao. Windows ikizimwa na Fast Startup, haizimiki kweli, na partisheni yake ya NTFS inabaki na alama ya kutumika. Kama umeiandika kwenye fstab bila nofail, Linux inaweza kugoma kuifungua na kuwaka kukakwama. Ingia Windows, fungua terminali ya msimamizi, na uandike `powercfg /h off`.

Je, emergency mode ikikuambia akaunti ya root imefungwa, kwa hiyo huwezi kuingia? Rudi GRUB, bonyeza `e`, na mwishoni mwa mstari wa `linux` ongeza `init=/bin/bash`. Utaingia moja kwa moja bila nenosiri. Diski itakuwa ya kusoma tu, kwa hiyo iruhusu iandikwe, rekebisha fstab kama nilivyoeleza, kisha washa upya:

`mount -o remount,rw /`
`nano /etc/fstab`
`sync`
`reboot -f`

Ndiyo, mtu yeyote mwenye laptopu yako mkononi anaweza kufanya hivi. Kama hilo linakukosesha usingizi, siku ukisakinisha upya chagua kusimba (encrypt) diski nzima.

Kuna pia ucheleweshaji wa sekunde 30 wenye maneno `Gave up waiting for suspend/resume device`. Partisheni ya swap, ile inayosaidia RAM ikijaa, imebadilika. Andika `RESUME=none` ndani ya `/etc/initramfs-tools/conf.d/resume`, kisha `sudo update-initramfs -u`. Na ikiwa kinachosubiriwa ni mtandao, laptopu haina haja nacho, zima kwa `sudo systemctl disable NetworkManager-wait-online.service`.

Umeme ulikatika

Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, au laptopu yenye betri iliyokufa, hufika hapa mapema au baadaye. Kama umeme ulikatika ikiwa inaandika, utakuta ombi la initramfs na maneno `RUN fsck MANUALLY`, pamoja na jina la partisheni. fsck ni amri ya kukagua na kurekebisha diski. Tumia jina hilo hilo:

`fsck -f -y /dev/sda2`
`exit`

Kwenye diski za NVMe jina linafanana na `/dev/nvme0n1p2`. Kamwe usiendeshe fsck juu ya partisheni iliyofunguliwa na inayotumika. Na kama skrini imejaa `I/O error`, usiendeshe kabisa kwanza. Diski inayokufa ikilazimishwa kujirekebisha humalizia kufa. Washa kwa flashi na uokoe mafaili. Fedora tangu toleo la 33 hutumia Btrfs, mpangilio mwingine wa mafaili, ambayo fsck ya kawaida haiigusi, na `btrfs check --repair` ni ya kukimbilia ukiwa umeshaokoa data na huna pengine pa kwenda.

Umeme ukikatika wakati wa masasisho, chagua Advanced options kwenye GRUB, kisha kerneli ya zamani, yaani yenye namba ndogo kuliko ya kwanza. Hiyo ilifanya kazi jana, na leo itafanya. Ukishaingia:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`
`sudo update-initramfs -u -k all`
`sudo update-grub`

Ikiwa kila kitu ni kizima lakini kerneli mpya tu ndiyo haiipendi mashine yako, baki na ya zamani kwa wiki chache. Toleo linalofuata mara nyingi huja na marekebisho.

Ikikataa kabisa, ingia kwa flashi

Tengeneza flashi ya Ubuntu au Mint kwenye kompyuta nyingine, iwashe kwayo, na uchague kujaribu bila kusakinisha. Kama hata flashi inaganda, acha kulaumu mfumo, nenda kwenye vifaa. Kama inawaka vizuri, kwanza nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje. Kisha tambua partisheni zako kwa `lsblk -f` na uingie ndani ya mfumo ulioganda:

`sudo mount /dev/sda2 /mnt`
`sudo mount /dev/sda1 /mnt/boot/efi`
`for i in dev dev/pts proc sys run; do sudo mount --bind /$i /mnt/$i; done`
`sudo chroot /mnt`

Mstari wa pili ni wa mashine za UEFI. Kama `/boot` yako ina partisheni yake yenyewe, ifungue kwenye `/mnt/boot` kabla yake. Kuanzia hapo kila amri inatekelezwa ndani ya mfumo wako, na zile nne za kutengeneza masasisho, kuanzia ya dpkg, zinafanya kazi bila neno sudo.

Vifaa

Dalili kubwa ya kifaa kibovu ni kuganda mahali tofauti kila mara. Programu mbovu hukwama pale pale. RAM, joto na umeme hafifu havina pa kudumu.

Zima, toa betri kama inatoka, chomoa RAM, safisha meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli, irudishe kwa uthabiti. Kama zipo mbili, jaribu moja moja. Kisha endesha memtest86+ usiku kucha. Toleo la 6 na kuendelea huwaka pia kwenye UEFI. Kosa moja tu jekundu linatosha kuitupa RAM hiyo.

Diski unaipima kwa `sudo smartctl -a /dev/sda`, baada ya kuweka kifurushi cha smartmontools. Kwenye diski za SATA angalia namba ya mwisho ya `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Ya pili ikizidi sifuri, nakili mafaili leo, usingoje wikiendi. Kabla ya kununua diski nyingine, badilisha kebo ya SATA kama ni kompyuta ya mezani. Ni ya bei ndogo na inaleta makosa yale yale.

Saa ikirudi nyuma miaka kila unapowasha, betri ya CR2032 kwenye ubao imeisha. Linux itakuta diski iliyofunguliwa mwisho "siku zijazo" na kulalamika.

Na wenye laptopu ndogo za mtumba zenye Celeron au Pentium za familia ya Bay Trail, kama N2840, wana ugonjwa wao maalumu: kichakataji kikijaribu kulala usingizi mzito kinaganda nao. Ongeza `intel_idle.max_cstate=1` kwenye mstari wa `linux`. Betri itaisha upesi kidogo, lakini mashine itatulia. Ikisaidia, iweke idumu kwa kuiandika ndani ya alama za nukuu za `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT` kwenye `/etc/default/grub`. Ukiwa umelifungua faili hilo, weka pia `GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu` na `GRUB_TIMEOUT=5`, hifadhi, kisha endesha `sudo update-grub`. Menyu itajitokeza yenyewe kila unapowasha, bila kuvizia Esc.